Ndege Haifuati Mikono

Binti yangu ni dereva. Anaendesha gari la mafuta kwenye kiwanja kidogo cha ndege, kile cha ndege za watu wawili, watu wanne. Ndege ikitua imekauka, anaisogelea, anavuta mpira, anaijaza. Wenzake kazini wanamwita Bi Tangi. Hakasiriki. Anasema hilo ni jina la kazi, na kazi anaipenda.

Udereva nilimfundisha mimi. Nimeendesha malori miaka yote ya nguvu zangu, yale ya zamani, usukani mzito kama unageuza nyumba. Sikusoma. Nilichokuwa nacho ndicho nilichompa. Nilimwambia, mwanangu, gari ni mikono. Macho mbele, mikono iwe hai. Alishika. Akiwa bado msichana mwembamba, alikuwa anarudisha lori kinyumenyume kwenye ua wa ghala, tela na yote, na wapakiaji wanaweka mizigo chini waangalie. Mikono yake ni kama yangu, mipana, imejaa sugu.

Naandika haya kwa sababu ya mikono hiyo. Nusura imponze.

Mama yake alifariki mvua zilipoanza. Sina maneno mengi juu ya hilo. Binti alirudi kukaa na mimi. Tukawa wawili ndani ya nyumba na hakuna anayeongea. Anakwenda kazini, anarudi, anakula, anajifungia. Mimi vivyo hivyo, ila kazi sina.

Jioni moja akasukuma sahani pembeni.

"Baba, nimechaguliwa."

"Kuchaguliwa nini?"

"Kujifunza urubani."

Pale kiwanjani kuna chama cha marubani. Kila mwaka wanamchukua mfanyakazi mmoja wa hapo hapo, fundi, mlinzi, mfagizi, yeyote, wanamfundisha bure kurusha ndege ndogo. Si ya abiria wa kulipa. Ndege ya mtu kujirushia mwenyewe. Binti alikuwa ameomba zamani kidogo, kabla hatujafiwa. Alishasahau.

"Nitawaambia hapana," akasema. "Tuna msiba."

"Mama yako angesemaje?"

"Mama? Mama alikuwa hapandi hata stuli kubadilisha taa."

Kweli kabisa. Taa nilikuwa nabadilisha mimi. Yeye alikuwa anashika stuli, kafumba macho.

"Angekataa," nikamwambia. "Angenuna wiki nzima. Halafu asubuhi ya kwenda angekupigia pasi shati."

Akainamisha kichwa. Nikaona mabega yanatikisika, nikajua analia. Kumbe anacheka.

Akaenda. Shati nilipiga pasi mimi, nikaunguza kola kidogo. Alilivaa hivyo hivyo.

Kwanza walimpeleka kwa daktari wa marubani. Akapimwa macho, masikio, moyo, akaonyeshwa picha za madoa ya rangi aseme namba gani imejificha ndani. Akapita. Kisha darasani. Alikuwa anasoma kwa sauti pale mezani, mawingu, pepo, sheria za angani, namna ya kuongea kwenye redio bila porojo. Mimi nakunywa chai, nasikiliza. Sasa najua kuna wingu la kukimbia na wingu la pambo tu. Nyumba ikaanza kuwa na sauti ya mtu.

Lakini masomo ya mwanzo ni ya majaribio. Mwalimu wao ni mzee aliyestaafu kwenye ndege kubwa. Wanamwita Kapteni. Mrefu, sauti ya chini, mzaha wake hauonyeshi meno. Yeye ndiye anayeamua. Akiona mtu haendi, nafasi inapewa anayefuata. Na anayefuata alikuwa fundi umeme wa pale kiwanjani, kijana mcheshi. Kila asubuhi anamsalimia binti yangu, "Bi Tangi, umeamkaje? Hujisikii vibaya hata kidogo?"

"Sijisikii vibaya."

"Basi nitauliza tena kesho."

Shida haikuwa hewani. Hewani walikuwa hawajafika. Shida ilikuwa ardhini.

Nieleze. Ndani ya ndege ile, mbele ya kifua chako, kuna usukani. Umekaa kama usukani, unashikika kama usukani. Ukiuzungusha ndege ikiwa chini, kule kwenye mabawa kuna vipande vinanyanyuka na kushuka, basi. Gurudumu halina habari. Kinachogeuza ndege ikiwa inatambaa ni miguu. Kuna pedali mbili, moja kila mguu. Asiyewahi kushika gari hapati taabu. Anaambiwa miguu, anatumia miguu. Sasa mtoto wangu mimi! Ndege ikisogea upande, mikono inakata kona. Ndege haigeuki. Mikono inakata zaidi. Ndege inaingia kwenye majani.

"Bi Tangi," Kapteni alimwuliza siku ya kwanza, "unaendesha nini?"

"Ndege, Kapteni."

"Hapana. Unaendesha lori. Ndege bado inakusubiri."

Siku ya pili majani tena. Siku ya tatu aliangusha kibao cha kuonyesha njia. Kapteni akazima injini. Akamwambia kwa upole, na upole ule ndio ulimtisha, kwamba hawatapaa mpaka atoe ndege kwenye maegesho na kuifikisha mwanzo wa njia ya kurukia, juu ya mstari wa njano, bila mikono kuingilia. Mwezi ukiisha hajaweza, nafasi aende nayo fundi umeme.

Alinisimulia akiwa amelaza mikono mezani.

"Hii mikono, baba, ingekuwa inavuliwa ningeiacha nyumbani."

Mikono ile niliifanya hivyo mimi. Kesho yake nikaenda kwa shemeji.

Shemeji ni kaka wa marehemu mke wangu. Ni fundi wa kuchomelea, ana karakana kando ya barabara, mageti na madirisha. Utani anaupenda kuliko chakula.

"Shemeji," nikamwambia, "nitengenezee kigari."

"Kigari cha nini?"

"Kile cha utotoni. Ubao, beringi nne, unakaa juu, ekseli ya mbele unaigeuza kwa miguu, unashuka nacho mlima."

Akazima mashine. Akapandisha miwani. Akanitazama kwa huruma.

"Shemeji, kufiwa ni kitu kizito. Lakini sikujua kama umefika huku."

"Si changu mimi! Cha mpwa wako."

"Mpwa wangu apande kigari? Na umri ule, na makalio yale ya ukoo wenu?"

"Makalio ni ya ukoo wako. Mama yake alikuwa dada yako."

Akacheka mpaka akakaa chini. Nikamweleza habari ya pedali. Akaacha kucheka.

"Basi kiwe cha chuma," akasema.

Kilikuwa kizuri. Fremu ya bomba, kiti cha mbao, beringi alizotoa kwenye gari bovu, breki ya kamba. Nyuma ya mashine ya kusaga unga kuna barabara ya lami inayoshuka taratibu, magari hayapiti sana. Tukakipeleka huko Jumapili. Binti akafika, akakiona, akatuangalia mmoja mmoja.

"Baba. Mjomba. Nyinyi ni watu wazima."

"Kaa," nikamwambia.

"Watu wataniona."

"Watu watakuona ukiwa angani pia. Kaa."

Shemeji akaleta sufuria imejaa maji, akampakatisha. "Shika hiyo kwa mikono miwili. Mikono ikijitia kuendesha, utaoga."

Akaoga. Mara ya kwanza aliloa kifuani, ya pili akaloa mpaka viatu. Muuza mkaa, jirani yetu, alihamisha kigoda chake aje aone vizuri.

"Dada, hiyo ndege mabawa yake yamekwenda kufuliwa?"

"Yanaanikwa!" binti akajibu akipita.

"Mzee, na wewe ndiye mnara wa kuongozea?"

"Nyamaza uza mkaa," nikamwambia.

Wiki ile kila akitoka kazini tunakwenda mlimani. Watoto wa mtaa wakamzoea, wanamhesabia. Maji yakaanza kubaki kwenye sufuria. Mwishowe alishuka mlima wote, akikwepa mashimo kushoto na kulia, mikono imetulia kama ya mtu anayesubiri kuhudumiwa, na tone halikumwagika. Shemeji akapiga mluzi. Mimi nikavimba kichwa. Nikasema, kesho nakwenda kuona mwenyewe.

Nilisimama nje ya uzio, karibu na ghala la mafuta. Ndege nyeupe yenye mstari wa bluu. Nikamwona binti amekaa kushoto, Kapteni kulia. Mikono ya binti magotini. Nikasema moyoni, sawa sawa. Injini ikanguruma, wakaanza kutambaa.

Mstari wa njano unapinda kulia. Ndege ikapinda kushoto.

Nikaona pua inageukia upande wetu. Ikageuka zaidi. Ikatoka kwenye mstari, ikawa inakuja moja kwa moja kwenye gari la mafuta, gari lake mwenyewe, alilolipaki asubuhi. Fundi umeme alikuwa ameliegemea anakunywa soda. Aliitupa chupa akakimbia. Ndege ikapiga breki, ikasimama. Propela ikakata pumzi.

Kapteni akashuka, akazunguka mbele, akapima kwa macho nafasi iliyobaki. Binti naye akashuka, uso umemshuka.

"Wiki jana ulikuwa mbaya," Kapteni akasema. "Leo umekuwa mbaya kinyume chake. Hii sijawahi kuiona. Nani kakufundisha?"

Binti alinitazama tu, kule kwenye uzio. Kapteni akafuata macho yake.

"Huyo ni nani?"

"Baba."

Akaja mpaka kwenye waya. Nikavua kofia.

"Mzee, shikamoo. Umemfanya nini mwanafunzi wangu?"

Nikamwambia yote, kigari, beringi, sufuria. Akasikiliza, midomo kaibana.

"Kwenye kigari chako, mzee, ukitaka kwenda kulia unasukuma mguu gani?"

Nikafikiri. Nikanyoosha miguu pale pale nilipo, mmoja baada ya mwingine, kama mwehu.

"Wa kushoto," nikasema. "Ekseli upande wa kushoto inakwenda mbele, gari inakwenda kulia."

"Na ndege, mguu wa kulia, kulia. Wa kushoto, kushoto." Akakohoa. Nadhani alikuwa anazuia kicheko. "Umemfundisha vizuri sana. Kinyume, lakini vizuri sana. Mikono hakuigusa kabisa."

Kisha akageuka kwa binti, na sasa hakukuwa na kicheko.

"Jumamosi ndiyo mwisho wa mwezi. Njoo asubuhi. Ndege ikifika mwanzo wa njia, tutapaa. Isipofika, unajua."

Nilirudi nyumbani nikijilaumu. Nilimharibu mara mbili. Kwanza mikono, sasa na miguu. Shemeji alikuja kusikia habari, alipoisikia akataka kukipeleka kigari kwenye vyuma chakavu. Tukaanza kulaumiana, yeye anasema wazo lilikuwa langu, mimi nasema ekseli ilikuwa yake.

"Baba, Mjomba, nyamazeni kidogo," binti akasema. Alikuwa amechuchumaa mbele ya kigari uani, anaisukuma ekseli kwa kidole, mbele, nyuma. "Mjomba, tukiweka nondo hapa mbele, nikanyage hiyo badala ya ekseli? Halafu kamba kutoka kwenye nondo kuja kwenye ekseli."

"Itakuwa yale yale. Kulia inavuta kulia."

"Tukizipishanisha?"

"Kupishanisha vipi?"

"Kamba ya kulia ikafungwe kushoto. Ya kushoto, kulia."

Shemeji akamtazama. Akatazama ekseli. Akachora hewani kwa kidole, akachora tena. Kisha akaondoka bila kuaga. Alirudi na mashine yake juu ya toroli, akachomelea hapo hapo uani, cheche zinaruka mpaka kwenye ndoo za maji. Kamba tulitoa ya kuanikia nguo.

Kujifunza upya ni kugumu kuliko kujifunza. Siku hiyo alimwaga maji yote. Kesho yake aliingia mtaroni, akachubuka kiwiko. Muuza mkaa hakufanya mzaha tena. Alinong'ona kwangu, "Mzee, dada anaumia, mwache." Sikumwacha. Binti mwenyewe hakutaka kuachwa. Nilikuwa nasimama chini ya mlima napiga kelele, "Kulia! Kushoto! Kulia!" na yeye anateremka ananijibu kwa miguu. Akiwa ndani, anakula, namwona miguu yake chini ya meza inasukuma. Nikitaja kulia, mguu unajibu kabla ya kichwa.

Ijumaa kulinyesha. Tulishuka mlima mvua inapiga, hata haikujulikana maji ya sufuria yamemwagika au hayakumwagika. Lakini kigari kilikwenda alikotaka kiende.

Jumamosi mbingu ilikuwa safi. Shemeji alifunga karakana akaja amevaa koti la harusi. Muuza mkaa naye alikuja, hakuna aliyemwita. Tukajipanga kwenye uzio. Fundi umeme alikuwa upande wa pili, na gari la mafuta safari hii alilihamishia mbali yeye mwenyewe.

"Tahadhari tu, mzee," akaniambia. "Si kwa ubaya."

Injini ikawaka. Ndege ikatetemeka mahali ilipo, kisha ikaanza kutambaa.

Sikuangalia ndege. Niliangalia gurudumu la mbele. Lilikuwa juu ya mstari wa njano. Likafika kwenye kona, na mimi mguu wangu wa kulia, ndani ya kiatu, ukabonyea. Gurudumu likapinda kulia. Likayumba kidogo nje ya rangi. Shemeji akanishika mkono. Likarudi. Likafuata mstari mpaka kona ya pili, likapinda kushoto, taratibu, kama mtu anayejua anakwenda kwa nani. Ikafika mwanzo wa njia ya kurukia. Ikasimama.

"Imefika!" akasema muuza mkaa.

"Subiri," nikasema.

Walikaa pale. Sijui ndani walikuwa wanaongea nini. Binti aliniambia baadaye kwamba Kapteni alikuwa amekunja mikono, kisha akasema, "Basi, twende. Lete nguvu yote. Na pua itataka kukimbilia kushoto, kwa sababu injini inavuta. Nani ataizuia?"

"Mguu wa kulia, Kapteni."

"Uambie."

Injini ikapiga ukelele. Ndege ikaanza kukimbia, mstari mweupe wa katikati ukiwa chini ya tumbo lake. Ikavutwa kushoto kidogo, kweli, sote tuliona. Fundi umeme akasema, "Ehe." Pua ikarudi katikati. Ikakimbia, ikakimbia, gurudumu la mbele likanyanyuka, halafu tukaona mwanga kati ya ndege na ardhi.

Shemeji alipiga kelele ya mtu aliyeibiwa. Alivua koti la harusi akalirusha juu, likanasa kwenye waya, likachanika, hata hakuliangalia. Muuza mkaa alikuwa anaruka, ananipiga mgongoni. Fundi umeme akafungua soda nyingine.

"Ameniua," akasema, na alikuwa anacheka. "Mzee, binti yako ameniua kabisa."

Mimi sikupiga kelele. Nilishika waya wa uzio kwa mikono yangu hii, nikaangalia mpaka ndege ikawa ndogo kama inzi. Maisha yangu yote nimeendesha chini. Niliona mvua ikianza, niliona msafara wa mazishi, niliona kaburi likifunikwa. Na hii pia nimeiona. Mtoto wangu kaiacha ardhi kwa miguu yake.

Walipotua, ndege ilidunda kidogo, ikatulia, ikafuata mstari mpaka kwenye maegesho. Kapteni alinifungulia geti yeye mwenyewe. Alimpa binti mkono.

"Nafasi ni yako," akamwambia. "Jumanne, kupinda hewani. Huko mikono inaruhusiwa, usijali."

Binti alikuja kwangu anatembea kama mtu aliyeshuka kwenye lori baada ya safari ndefu. Nilimwambia kaa, akasema hawezi kukaa.

"Baba, nimeiona nyumba yetu."

"Ikoje?"

"Bati la jikoni limeoza. Kutoka chini halionekani."

"Tutalibadilisha."

Akafuta uso kwa mkono wa shati, lile lenye kola iliyoungua.

"Tumepita na juu ya makaburi. Saruji ya mama bado nyeupe. Pale pote ndiyo inayong'aa."

Nilimshika kichwa kama alipokuwa mdogo.

Lakini mwanafunzi mwingine, wa kulipia, alikuwa anasubiri, na ndege ilitaka mafuta, na zamu ilikuwa ya binti. Akaenda kulichukua gari lake kule lilikohamishwa, akakata kona kwa mikono, akasimama pale pale panapotakiwa. Akavuta mpira, akapanda ngazi, akaijaza ndege yake mpaka juu.

Nimeandika ndege yake. Najua ni ya chama. Niacheni.